Frateri, kuficha mauzo nako ni dhambi?



Mwezi uliopita VIWAWA wa parokia moja walinialika niongee nao juu ya amri ya saba. Nilijiandaa kweli. Nikagusa wizi, rushwa, madeni yasiyolipwa, mshahara wa dada wa kazi unaocheleweshwa. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, anauza viatu vya mtumba, akanyoosha mkono: "Frateri, mimi nikiuza pea tatu nisiandike popote, na jioni nikasema leo biashara ilikuwa mbaya, hiyo nayo nikaungame?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nikacheka, nikamjibu haraka haraka kwa habari ya Kaisari na Mungu, tukafunga kwa sala. Jibu halikuwa na kosa. Ila lilikuwa la kukwepa, na nilijua ninakwepa. Swali lake lilikuwa limenigusa mahali ambapo nilikuwa sijapagusa mbele ya watu. Leo nataka nimjibu vizuri, na ili nimjibu vizuri inabidi nianze na daftari.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kuingia nyumba ya malezi. Nikakaa kwa mama yangu mdogo kwa miezi michache. Mama mdogo ni fundi cherehani, anashona sare za shule: suruali za kaki, sketi za bluu, mashati meupe, na masweta anayoagiza kwa mtu mwingine. Ana vyerehani viwili na msaidizi mmoja. Kwa mwaka mzima anauza kama shilingi milioni tisa, nyingi zikiingia Januari shule zinapofunguliwa. Katikati ya mwaka ni viraka, zipu na vifungo.

Siku moja akaja bwana mmoja. Hakuwa ofisa wa kodi. Alikuwa mmoja wa wale tunaowaita vishoka, wanaozunguka kwenye fremu za watu wakisema wanajua ndani kunaendaje. Akamwambia mama mdogo: mauzo yako yakisomeka chini ya milioni nne, hudaiwi kitu. Tengeneza daftari linalosomeka hivyo, mengine niachie mimi. Bei ya "mengine" ilikuwa elfu themanini.

Mama mdogo akaniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri nyumbani.

Niliandika daftari la mwaka mzima kwa siku mbili. Niliifanya kazi ile kwa ustadi ambao sijawahi kuutia kwenye insha yoyote ya chuoni. Nilibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, halafu bluu inayoelekea kuisha, ili ionekane limeandikwa siku baada ya siku. Kurasa mbili nilizidondoshea chai. Januari nikaifanya nyembamba, nikaweka na siku za "hakuna mauzo". Jumla ikatoka 3,870,000. Mama mdogo akafurahi, akanipa elfu kumi, akasema mtoto huyu atakuwa askofu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka pale ukumbini.

Nilipoanza falsafa nilidhani daftari lile nimeliacha nyumbani. Kumbe hapana. Tulikuwa tunasoma *Jamhuri* ya Plato, kitabu cha kwanza kabisa, pale Thrasymachus anapombishia Sokrate kwamba haki ni hasara kwa anayeitenda. Moja ya mifano anayoitoa ni kodi. Anasema watu wawili wenye mali sawa, kodi ikidaiwa, mwenye haki atalipa zaidi na asiye na haki atalipa kidogo. Kitabu kina zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu, na mle ndani kuna mtu anaongea kama kishoka wetu! Mwalimu aliendelea mbele, mimi nikabaki kwenye mstari ule. Nilimkumbuka fundi wa jirani, mzee mmoja ambaye siku zote alilipa. Mali sawa, barabara moja, wateja walewale. Yeye alilipa kwa sababu alisema kweli. Daftari langu halikuchukua hela ya "serikali" peke yake, lilimfanya yule mzee aonekane mjinga.

Lakini nisiwadanganye, sikutubu siku ile. Mtu aliyesoma akitaka kujitetea huenda maktaba, nami nilienda. Nikakuta utetezi mzuri. Kuna nadharia ya zamani katika maadili ya Kikatoliki kwamba baadhi ya sheria ni za adhabu tu. Yaani sheria ya namna hiyo haikufungi kwenye dhamiri kufanya inachosema. Inakufunga tu kukubali adhabu ukikamatwa. Mizizi yake iko kwa Wadominikani wa karne ya 13, walioamua kwamba kanuni za shirika lao zisimtie mtu dhambini bali adhabuni. Wazo lenyewe ni la huruma: mtawa asidhani ametenda dhambi kwa kuchelewa kengele. Baadaye wanateolojia, Francisco Suárez akiwa mmoja wa wakubwa wao, wakajadili kama na sheria za wafalme zinaweza kuwa za aina hiyo, na kuna walioziweka kodi kwenye kundi hilo.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Basi ndiyo hiyo! Kodi ni mchezo wa paka na panya. Paka akikushika unalipa faini, asipokushika umshukuru Mungu. Wengi wetu tunaishi ndani ya nadharia hii bila kujua ina jina la Kilatini.

Tatizo nililiona usiku mmoja nikiwa kitandani, na halikuhitaji kitabu. Hata tukikubali nadharia nzima, inadai niwe tayari kupokea adhabu. Daftari la pili lilitengenezwa ili tusilipe kodi, na pia tusikamatwe tukaadhibiwa. Tuliikimbia sheria pande zote mbili. Na juu yake kulikuwa na elfu themanini za kishoka. Nadharia iliyobuniwa kumwondolea hofu mtawa aliyechelewa kengele, mimi nilikuwa naitandaza juu ya uongo wa kurasa sitini.

Hapo ndipo nikatenganisha mambo mawili ambayo naomba na wewe uyatenganishe, maana tukiyachanganya hatufiki. La kwanza ni kama kodi hii ni ya haki. La pili ni kama naweza kusema uongo juu yake. Mtu anaweza kuwa na hoja nzito kwenye la kwanza, na hoja hiyo isimsaidie chochote kwenye la pili.

Tuchukue la kwanza kwa uzito, maana wahubiri wengi tunalirukia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza katika *Summa* kama sheria ya binadamu inafunga dhamiri. Anajibu kwamba ikiwa ya haki, inafunga. Halafu anaorodhesha ni lini sheria inakuwa si ya haki: mtawala anapobebesha watu mizigo kwa tamaa au sifa yake badala ya manufaa ya wote, anapovuka mamlaka aliyopewa, au mzigo unapogawanywa bila usawa, hata kama lengo ni jema. Ona hiyo ya tatu. Thoma anajua kwamba hata nia nzuri inaweza kutoza watu vibaya. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelalamika si lazima awe mkwepaji. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia namna kodi zinavyokusanywa, na Juni 2024 wakafunga tena. Unaweza kukubaliana nao au kutokubaliana, lakini walisema hadharani, mchana, milango imefungwa. Hiyo ndiyo njia ya mtu anayesema sheria ina kasoro. Daftari la pili halisemi kitu kwa yeyote. Linaiacha sheria na kasoro yake vilevile na kumhamishia mzigo jirani.

Na kasoro zipo. Mfanyabiashara mdogo kama mama mdogo anatozwa kwa mauzo, siyo kwa faida. Mafundi wawili wakiuza milioni tisa kila mmoja, mmoja akabaki na nyingi na mwingine vitambaa vimempandia bei akabaki na kidogo, wote wanadaiwa sawa. Kuna njia ya kujitoa kwenye utaratibu huo na kutozwa kwa faida halisi, ila hapo unahitaji hesabu kamili, na fundi wa viraka hesabu kamili atazitoa wapi? Mimi naona hilo ni jambo la kuzungumzwa na bunge, na vijana Wakatoliki wenye digrii za uhasibu wangeweza kujitolea Jumamosi moja kwa mwezi kuwasaidia akina mama wa jumuiya zao badala ya kusubiri harambee.

Hoja nyingine mnaijua: "Hela yenyewe wanaila." Kila mwaka ripoti ya CAG ikitoka tunasoma mambo ya kuumiza. Sitaki kuipuuza hoja hii. Augustino mwenyewe aliandika kwamba falme zikiondolewa haki hazina tofauti na magenge makubwa ya majambazi. Lakini tujiulize, mwizi akiiba kwenye mfuko wa rambirambi wa mtaa, je, sisi wengine tunaacha kuchangia misiba? Tunamtafuta mwizi. Tunabadilisha mweka hazina. Anayeacha kuchanga halafu akasema ni kwa sababu ya mwizi, wazee humwangalia tu.

Na kuna jambo ambalo mama mdogo mwenyewe alinisimulia bila kukusudia kunihubiria. Ada ilipofutwa shule za sekondari hadi kidato cha nne, Januari 2016, foleni mlangoni kwake iliongezeka. Wazazi ambao wasingepeleka mtoto shule walikuja kutafuta suruali ya kaki. Alishona hadi saa sita usiku mwezi mzima. Yaani sehemu ya mauzo niliyoyafuta kwenye daftari ilitoka kwa watoto waliofika darasani kwa hela ya kodi. Ilinichukua miaka kuona hicho kichekesho.

Maandiko kwenye suala hili yana utulivu wa ajabu. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Yesu alipoulizwa juu ya kodi ya Kaisari alilazimika kuomba aonyeshwe dinari. Na Katekisimu haizunguki: kulipa kodi inakuweka kati ya wajibu wa raia (namba 2240), na kukwepa kodi inakutaja mstari mmoja na hundi na ankara za kughushi, chini ya amri ya saba (namba 2409). Kwa hiyo, ndugu yangu wa viatu vya mtumba, jibu lako ni ndiyo. Pea tatu si mlima, na padre hatakufukuza kitubioni. Lakini ndiyo.

Na wanunuzi msitabasamu. Kwaya moja ninayoifahamu ilinunua spika. Muuzaji akauliza lile swali la kawaida, "mnataka na risiti?", kwa maana kwamba bila risiti bei inashuka. Wakashusha bei, na Jumapili wakamshukuru Mungu kwa punguzo. Lile punguzo lilitoka wapi? VAT ni asilimia 18, na ni kodi ambayo mnunuzi anailipa kupitia mikono ya muuzaji. Mkikubaliana isiandikwe, mmekubaliana wawili. Sheria zetu zinambana hata mnunuzi asiyedai risiti, na hapo naona sheria imeelewa maadili ya ushirika katika kosa kuliko sisi tulioyasoma darasani.

Niliungama. Siwezi kueleza mengi ya kitubioni, ila naruhusiwa kusema niliyoambiwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa na hoja: Thoma, Suárez, kasoro za mfumo. Padre akasikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mama yako mdogo umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimemfundishia nusu ya ulimwengu juu ya ukweli, isipokuwa yeye.

Likizo iliyofuata nikaenda. Nilimkuta amepiga magoti anakata kitambaa. Shikamoo mama mdogo, marahaba Frateri, karibu, umekonda. Nikaketi kwenye kiti cha wateja nikamweleza. Nikamwambia kwamba lile daftari lilikuwa kosa na mimi ndiye niliyeliandika, na kwamba nimekuja kurudisha ile elfu kumi. Nikaiweka juu ya cherehani.

Hakulia, wala hakuguswa kama kwenye shuhuda za mkesha. Alikasirika. Aliniambia: "Wewe unakula wapi? Unakula jimboni. Unavaa kanzu niliyokushonea bure. Mimi natoa zaka, natoa tegemeza, nachangia seminari, halafu unakuja kuniambia mimi ni mwizi?" Akarudi kwenye mkasi wake.

Nilinyamaza, kwa sababu kuna sehemu alisema kweli. Ni rahisi sana kuwa na msimamo juu ya kodi ukiwa hulipi. Zakayo alipotangaza kurudisha mara nne, alikuwa anatoa kwenye mali yake mwenyewe. Mimi nilikuja na elfu kumi, na yeye nataka alipe laki. Nimetafakari maneno yake mara nyingi kuliko mahubiri mengi, na bado sijui kama nina haki ya kuyajibu. Nilichoweza kufanya ni kuosha vyombo na kukaa.

Siku ya tatu yeye mwenyewe akaniuliza: "Kwani ingekuwa shilingi ngapi?"

Tukakaa na simu na karatasi. Katika jedwali lililoanza kutumika Julai 2019, mtu binafsi mwenye mauzo kati ya milioni saba na milioni kumi na moja, asipokuwa na kumbukumbu, anakadiriwa 250,000 kwa mwaka. Akiwa na kumbukumbu, ni 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni saba. Mauzo yake milioni tisa: zinazozidi ni milioni mbili, asilimia 3 yake ni 60,000. Jumla 150,000. Inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo 37,500 kila awamu.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Daftari la kweli lingemtoa laki moja na nusu. Kukosa daftari, laki mbili na nusu. Daftari la uongo lilimtoa elfu themanini kwa kishoka mwaka ule, na mwaka uliofuata kishoka alirudi akitaka laki na ishirini, kwa sababu sasa alikuwa na siri yake. Hilo la mwaka uliofuata nilikuwa silijui. Akaniambia pia kwamba kila gari la serikali likisimama mtaani alikuwa anafunga mlango kwa ndani na kumwambia msaidizi aseme mama amesafiri. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kajificha nyuma ya marobota ya vitambaa. "Na wewe ukiwa unasoma falsafa," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo.

Siwezi kusema mambo yote yalinyooka. Deni la miaka ile lipo. Mimi naona anapaswa kwenda kulisema. Yeye anasema ataanza na mwaka huu kwanza aone, na ya nyuma tutayaongea. Fundisho la Kanisa juu ya kurudisha halimwachi mtu asiyeweza kulipa kwa mkupuo bila njia, lakini pia halifuti deni kwa sababu ni la zamani. Na mimi niliyeshiriki kuliandika sina pa kujificha kwenye hilo deni. Nimeanza kuweka pembeni kile kidogo ninachopewa na ndugu wakati wa likizo. Ni kidogo sana, jamani. Tuombeane.

Elfu kumi yangu aliikataa kwa siku tatu, ikakaa juu ya cherehani chini ya sumaku ya sindano. Siku naondoka nikaona haipo. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimerudi chuoni, akanitumia picha kwenye simu: kaunta buku mpya iliyofunikwa kwa mabaki ya kitambaa cha bluu cha sketi, na ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa zilizoinama: suruali za kaki 2, shilingi 24,000. Chini yake zipu 1, shilingi 1,500.

Kisha ikaja sauti. Aliuliza vifungo anavyonunua aviandike upande uleule wa mauzo, au upande mwingine.

Nikamjibu, upande mwingine, mama mdogo.